Nani Agharamie Habari za Uchunguzi?

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya walimu wa kambi katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni



Kamati ilitutaka sisi walimu tuseme neno juu ya habari na maendeleo ya jamii. Tulipokaa kulitayarisha tuliona kwamba sifa za magazeti na redio zimekwisha semwa mara nyingi katika uwanja huu, na kila aliyezisema alipigiwa makofi. Jambo lisilosemwa ni fedha. Mwandishi anayekwenda kuchimbua jambo lililofichwa anakula nini wakati anachimbua? Nauli anapewa na nani? Na huyo anayempa nauli, je, siku moja mwandishi ataweza kumwuliza swali? Kwa ruhusa yako Ndugu Mwenyekiti, tutazungumza juu ya hilo peke yake.

Tunawaomba wageni wetu wasitufikirie vibaya. Baadhi ya mifano yetu inahusu watu wa mashirika. Hatukuichagua ili kumwaibisha mtu, wala hatutaki kuambiwa kwamba fadhila ya punda ni mateke. Tumeichagua kwa sababu mambo yenyewe yamekwisha chapishwa na dunia nzima imeyasoma, na kwa sababu walioumia ni dada zetu.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Iko habari ya kutangaza: mgeni fulani amefika, kisima kimefunguliwa, watoto wamechanjwa. Habari hiyo ni nzuri na gharama yake ni mafuta ya pikipiki na nusu siku ya mwandishi. Iko pia habari ya uchunguzi: kisima kile kiligharimu kiasi gani, nani alipewa kazi ya kukichimba, na kwa nini kilikauka kabla ya mvua nyingine kufika. Hapo mwandishi atarudi mara tano mahali pale pale. Atatafuta karatasi ambazo wenyewe hawataki zionekane. Atasikiliza watu ishirini ili aandike maneno ya watatu, kisha atampelekea mtuhumiwa maswali na kungojea majibu, na mwishoni mwanasheria atasoma kila mstari. Miezi inapita na gazeti halijauza hata nakala moja ya habari hiyo. Kwa hesabu ya biashara ni hasara tupu, ndiyo maana wenye magazeti wengi huikwepa.

Sasa tuje kwenye mfano wenyewe. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa huo ulikaa karibu miaka miwili, hadi tarehe 25 Juni 2020, na uliua watu 2,287. Wengi wetu hapa tuna jamaa upande ule, na tunakumbuka tulivyokuwa tukiulizana habari kwa simu. Mashirika yalifika Beni na Butembo kwa wingi, magari yakawa mengi, nyumba za kulala wageni zikajaa, na kazi zikapatikana: kupika, kufagia, kufua, kupita nyumba kwa nyumba kuelimisha watu. Kwa mji uliochoshwa na vita, kazi ya kufagia yenye mshahara wa dola ni mali kubwa.

Tarehe 29 Septemba 2020 shirika la habari linaloitwa The New Humanitarian, pamoja na Thomson Reuters Foundation, walitoa uchunguzi uliowachukua karibu mwaka mzima. Wanawake 51 wa Beni walikuwa wamewaeleza waandishi, mmoja mmoja, kwamba wanaume waliojitambulisha kuwa wafanyakazi wa misaada waliwataka kimwili ili wapewe kazi, au ili wasifukuzwe kazini. Thelathini kati yao waliwataja wanaume waliosema kwamba ni wa Shirika la Afya Duniani, WHO. Waandishi hawakuishia kwa wanawake hao. Walizungumza na madereva wa mashirika na watumishi wa asasi za hapo hapo mjini, na hao nao wakayathibitisha maelezo. Wengi wa wanawake wale walikuwa hawajamwambia mkubwa yeyote. Waliogopa kulipiziwa, waliogopa kupoteza kazi, na waliona aibu.

Tuangalie jambo moja hapo. Mashirika yale yalikuwa na masanduku ya malalamiko, na namba za simu za kutoa taarifa, na mabango yanayokataza mambo kama hayo, kama tuliyo nayo sisi hapa. Vyote vililipiwa fedha. Lakini mwanamke wa Beni alipotazama sanduku aliona kwamba ufunguo wake uko mikononi mwa ofisi ile ile anayofanya kazi yule mwanamume. Alipokuja mtu asiye wa ofisi, ambaye hakuwa na kazi ya kumpa wala kazi ya kumnyang'anya, alisema.

Baada ya habari hiyo WHO iliunda tume huru, na mmoja wa wenyeviti wenza wake alikuwa mama yetu Julienne Lusenge, Mkongomani ambaye kwa miaka mingi amewatetea wanawake wa mashariki. Ripoti ya tume ilitoka tarehe 28 Septemba 2021. Iliwataja watuhumiwa 83, na kati yao 21 walikuwa wameajiriwa na WHO yenyewe. Kulikuwa na madai tisa ya kubakwa. Mkurugenzi Mkuu wa WHO aliomba radhi mbele ya dunia.

Je, huko ndiko kubadilika kwa jamii? Sisi tunasema ni nusu ya njia. Novemba 2023 shirika la habari la Associated Press lilifuatilia tena likaandika kwamba wanawake wasiopungua 104 walikuwa wamelipwa na WHO dola 250 kila mmoja, na ili wapate fedha hizo wengi walitakiwa wahudhurie mafunzo ya kuanzisha biashara ndogo. Waandishi hao walilinganisha: dola 250 ni pungufu ya posho ya siku moja ya baadhi ya maofisa wa Umoja wa Mataifa waliofanya kazi Kongo. Hatuna la kuongeza juu ya ulinganisho huo. Tunachotaka mwone ni kwamba hata nusu ya pili ya habari, ile ya malipo, ilihitaji mwandishi mwingine arudi miaka mitatu baadaye akiwa na fedha za kurudia. Habari ya uchunguzi ikitoka mara moja na mlipaji akachoka, waliosemwa hungojea tu vumbi litulie.

Mtauliza, huyo The New Humanitarian ni nani, na fedha zake zinatoka wapi? Hapo ndipo sisi walimu tulipopata somo, kwa sababu historia yake ni sehemu ya historia yetu.

Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, Umoja wa Mataifa uliona kwamba mashirika yalikuwa yakifanya kazi gizani katika nchi zetu za Maziwa Makuu: huyu hajui anachokijua mwenzake, wala anayeamua hajui kinachotokea barabarani. Mwaka 1995 ikafunguliwa Nairobi ofisi ndogo ya habari iliyoitwa IRIN. Mwaka uliofuata vita viliwaka Kivu, na baadhi yetu tulivuka Ziwa Tanganyika tukiwa migongoni mwa mama zetu, wakati taarifa za IRIN juu ya njia tulizopita zikisomwa katika ofisi za mbali. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini ilikuwa ofisi ya Umoja wa Mataifa, ikilipwa kupitia Umoja wa Mataifa, na katika nyumba ya namna hiyo yako maswali ambayo mwandishi huyaona yakipita asiyakamate. Mwenye kuajiriwa na baba mwenye nyumba haulizi hesabu za jikoni.

Tarehe 1 Januari 2015 IRIN ilitoka katika Umoja wa Mataifa ikawa shirika lisilo la faida, makao yake Geneva, na mwaka 2019 ikabadili jina ikawa The New Humanitarian. Miaka mitano baada ya kutoka ndipo ilipoweza kuandika ya Beni. Inawezekana mwandishi hodari angejaribu kuyaandika akiwa ndani. Sisi tuna mashaka kama yangechapishwa.

Kutoka kwenyewe kulikuwa na mkosi wake, nao unafundisha. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo IRIN ilitafuta mfadhili mpya, na Novemba 2014 akatangazwa: wakfu mmoja wa Hong Kong uliahidi dola milioni 25 kwa miaka 15. Mwenye wakfu huo alikuwa kijana tajiri wa Malaysia aitwaye Jho Low. Haikupita muda, mapema mwaka 2015, mwandishi Clare Rewcastle Brown katika chombo chake kidogo cha Sarawak Report akaanza kufichua namna mabilioni ya dola yalivyochotwa katika 1MDB, mfuko wa serikali ya Malaysia, na jina la Jho Low lilikuwa katikati ya habari hiyo. Uhusiano wake na IRIN haukudumu. Mwaka 2018 alishtakiwa Marekani, naye amekana mashtaka. Basi fikirini, ndugu zetu: watu waliotoka kwa mkubwa mmoja ili wawe huru waliangukia mikononi mwa mtu ambaye waandishi wenzao walikuwa wakimchunguza. Waliponea kwa sababu baadaye waligawanya mzigo wao, serikali kadhaa huku, wakfu kadhaa kule, na wasomaji wanaochangia kidogo kidogo, hata ikawa hakuna mmoja wao anayeweza kuuvunja mlango akiondoka.

Wapo wanaodhani kwamba chombo kisichopokea fedha za serikali wala za Umoja wa Mataifa kimekwisha kuwa huru. Watu wa kanda hii hatuna haki ya kudhani hivyo. RTLM ya Kigali, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, ilikuwa kampuni yenye wanahisa.  Mahakama ya Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili mwaka 2003 kwa kazi ambayo redio ile iliifanya. Na katika miaka ile ile, Agosti 1994, waandishi wa Uswisi walianzisha Bukavu redio iliyoitwa Agatashya, yaani mbayuwayu, ili wakimbizi na wenyeji wapate habari zisizo na sumu. Hiyo iliishi kwa fedha za wafadhili wa ng'ambo hadi vita vilipoifunga mwaka 1996. Kwa hiyo chanzo cha fedha peke yake hakikuambii kama redio inasema kweli. Tuulize na masharti yaliyofuatana na fedha hizo, na nani anaweza kuzikata, na kwa sababu gani.

Tukiteremka chini kwa mwandishi mwenyewe wa Uvira au wa Bukavu, mambo ni magumu zaidi. Mshahara wake ni mdogo, na mara nyingi haufiki. Kwa hiyo anayemwita kwenye mkutano humpa fedha ya usafiri, ile ambayo Wakongomani wanaiita kwa Kifaransa coupage, na hapa Tanzania watu wanaiita bahasha. Tusiwacheke. Baba mwenye watoto wanne ambaye hajalipwa miezi mitatu atakwenda kwenye mkutano wenye bahasha, na yule mjane anayenyang'anywa shamba atangoja, kwa kuwa mjane hana bahasha. Hivyo ndivyo umaskini wa mwandishi unavyogeuka kuwa ukimya juu ya maskini wengine.

Na wapo waliokataa, wakalipa kwa namna nyingine. Bukavu ilimzika Serge Maheshe wa Radio Okapi, aliyeuawa Juni 2007, na baada ya mwaka mmoja na miezi mitano ikamzika mwenzake wa redio ile ile, Didace Namujimbo. Ndugu zetu wa Burundi wanakumbuka Mei 2015, vituo vya redio vya binafsi vya Bujumbura viliposhambuliwa na kuchomwa moto. Wanalikumbuka jina la Jean Bigirimana wa gazeti la Iwacu, aliyetoweka Julai 2016. Hatuyataji haya kwa siasa. Sheria ya nchi iliyotupokea inatukataza kufanya siasa kambini na tunaiheshimu. Tunayataja kwa sababu katika hesabu ya gharama, watu huandika nauli na karatasi na simu, na kusahau mjane wa mwandishi, wakili, na nyumba ya kumficha mtu wiki mbili. Mfadhili anayesema anagharamia uchunguzi na hataki kugharamia hayo anamtuma mtu kuvuka mto bila mtumbwi.

Iko hatari nyingine ambayo tumeiona hivi karibuni sote. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Sisi tulitazama chakula na dawa, na ni haki yetu kutazama huko kwanza. Lakini katika fungu hilo hilo Bunge la Marekani lilikuwa limetenga kwa mwaka 2025 dola zaidi ya milioni 268 kwa ajili ya vyombo huru vya habari duniani, na kwa hesabu ya shirika la USAID lenyewe, mwaka 2023 vyombo 707 visivyo vya serikali vilikuwa vimesaidiwa, na waandishi 6,200. Fedha hizo zilisimama kwa siku moja. Vyumba vya habari katika nchi nyingi viliwarudisha watu nyumbani na uchunguzi uliokwisha anza ukabaki katika madaftari. Machi 2025 hata Sauti ya Amerika ilinyamaza ghafla, pamoja na idhaa yake ya Kiswahili ambayo wazee wetu walikuwa wakiifungua jioni. Chombo kinachoegemea nguzo moja, hata nguzo hiyo ikiwa nzuri, hakijui usiku wake.

Je, wenyewe kwa wenyewe tumewahi kufanya nini? Tuwape mifano miwili ya hapa hapa Tanzania. Mwaka 1993 mwandishi Stan Katabalo alifichua katika gazeti la Mfanyakazi namna kitalu cha uwindaji cha Loliondo kilivyotolewa kwa mwanajeshi mkubwa wa Falme za Kiarabu. Habari hiyo ilitikisa nchi, na hadi leo watu wakitaja uandishi wa uchunguzi wa Kiswahili huanza naye. Gazeti lenyewe lilikuwa la chama cha wafanyakazi. Kisha mwaka 2008 ulianzishwa mfuko ulioitwa Tanzania Media Fund, uliopata fedha kutoka serikali kadhaa za Ulaya. Haukuwa wa gazeti lolote. Mwandishi wa wilayani aliandika ombi, akaeleza anataka kuchunguza nini na itamgharimu kiasi gani, akapewa ruzuku na mtu mzima wa kazi hiyo wa kumwongoza, akaenda kijijini akakaa. Wazo hilo la mfuko kusimama katikati, kati ya mwenye fedha na mwenye kalamu, ndilo tunalotaka mlishike, maana tutalirudia.

Sasa tufike nyumbani. Wengi wenu mmesoma gazeti la ukutani la shule yetu, linalobandikwa karibu na ofisi ya walimu. Karatasi za manila na kalamu nene tulikuwa tukipewa na shirika moja, na tulishukuru. Mwaka juzi wanafunzi wa kidato cha tatu waliamua kuchunguza bomba moja la maji. Waliazima saa ya mkono, wakapangiana zamu, wakakaa pale asubuhi na jioni kwa siku kumi na nne wakiandika: maji yamefunguka saa ngapi, yamefungwa saa ngapi, madumu mangapi yamejazwa, watu wangapi wameondoka na madumu matupu. Ubao uliopo pale bombani ulisema maji hutoka saa nne kwa siku. Daftari la watoto lilisema saa mbili na robo, na siku tatu hayakutoka kabisa.

Kabla hawajabandika, mtu wa lile shirika alifika akashauri kwamba gazeti lingefaa zaidi kuandika juu ya kunawa mikono. Hakufoka, wala hakutisha. Alisema tu kwamba karatasi zilitolewa kwa ajili ya elimu ya afya. Na kwa barua ya msaada alikuwa anasema kweli. Tulikaa na wanafunzi tukawauliza: karatasi hizi ni za nani? Binti mmoja akajibu kwamba karatasi ni za shirika, lakini hesabu ya madumu ni yao, kwa hiyo hesabu itafutiwe karatasi nyingine. Wakaandika juu ya kunawa mikono kwenye karatasi zile, vizuri sana. Kisha wakapita kwa akina mama wanaouza sokoni, huyu akatoa shilingi mia, yule mia mbili, yule kikombe cha maharagwe kikauzwa, wakanunua manila nne. Habari ya bomba ilibandikwa siku ya Ijumaa.

Lililofuata tunalisema kwa furaha, kwa kuwa katika mashirika wamo watu. Jumatatu fundi wa maji alifika mwenyewe, akasoma yote akiwa amesimama, akaomba daftari. Ilikuwa mafuta ya mashine ya kusukuma maji yanapungua njiani kabla ya kufika kisimani, na wakubwa wake walikuwa hawajui kwa sababu fomu za kila wiki ziliandikwa saa nne. Ratiba ilirekebishwa, ingawa siyo yote. Jambo ambalo hatukulitazamia ni kwamba akina mama wale waliotoa shilingi mia walianza kuja kila Ijumaa kuuliza kama gazeti limetoka. Wasiojua kusoma waliomba wasomewe. Gazeti ambalo hawakulichangia lilikuwa limebandikwa pale miaka miwili wakilipita.

Hatusemi kwamba vikombe vya maharagwe vitamlipa mwandishi wa kwenda Beni. Vile vilinunua manila nne. Lakini vilitupa kitu ambacho fedha ya mfadhili haiwezi kukitoa, yaani watu wanaoona kwamba habari ni yao na watakasirika ikizimwa.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, walimu tuna ombi, na tunalitoa mbele ya wote. Jarida hili la Kamati lipewe ukurasa mmoja wa uchunguzi. Fedha zake zikusanywe katika sanduku la kufuli tatu, kama masanduku ya vikundi vyetu vya kuweka na kukopa ambayo kila mama hapa anayajua. Shirika lolote liweke linachotaka, na wafanyabiashara wa sokoni waweke walicho nacho, na kiasi cha kila mmoja kiandikwe ubaoni watu wote waone. Pasiwe na mmoja anayeweka zaidi ya theluthi moja. Funguo tatu zikae kwa watu watatu ambao si waandishi wa jarida na hawaajiriwi na shirika lolote. Sisi walimu tunaolipwa posho na mashirika hatufai kushika ufunguo, na tumekubaliana hivyo kwa kura.

Anayechunguzwa apelekewe maswali kwa maandishi na apewe siku saba, na jibu lake lichapishwe lote, hata likiwa refu. Lakini asipelekewe habari yenyewe kuisoma kabla. Tunajua hapa ndipo ndugu zetu wa mashirika watakapoona ugumu, kwa kuwa mmezoea kila karatasi yenye alama yenu ipite mezani kwenu kwanza. Basi msiweke alama yenu katika ukurasa huo. Wekeni fedha tu.

Majina ya wanaotoa habari yasiandikwe katika daftari lolote linalokaa ofisini. Na mambo mawili tuyaache nje kabisa: siasa za nchi tulizotoka, na mafaili ya watu ya kuomba hifadhi au kuhamia nchi ya tatu, kwa kuwa maisha ya mtu yanaweza kuvunjika kwa mstari mmoja. Lakini mtu akidai kwamba ameombwa fedha ili faili lake lisogezwe, hilo si siri ya faili. Nairobi lilichunguzwa na wakaguzi wa Umoja wa Mataifa wenyewe miaka ya 2000 na 2001, wakaliona. Hilo tutaliuliza likitokea.

Tumepiga hesabu ya mwanzo pamoja na karani wa Kamati: karatasi, durufu, muda wa maongezi wa simu, nauli ya basi kwenda wilayani mara mbili kwa mwezi, na posho ndogo kwa vijana wawili ili wasitegemee bahasha. Hesabu hiyo imebandikwa mlangoni, kila kitu na bei yake. Seremala amekwisha kutengeneza sanduku na hajadai chochote, ila kufuli hazijanunuliwa. Watakaopendekezwa kushika funguo watasomwa majina katika mkutano wa viongozi wa zoni Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, na mwenye pingamizi aje nalo pale.